Valvu ya Tairi la Ndani: Historia Fupi ya Kitu Kidogo Kinachoshusha Kabichi za Mgeta

Kwenye lori kuna kazi moja ambayo hakuna anayeipenda: kupima upepo wa tairi la nyuma la ndani. Tairi la nje halina shida. Unachuchumaa, unafungua kifuniko, unaweka geji, umemaliza. La ndani limejificha. Inabidi upitishe mkono kwenye tundu la rimu ya nje, upapase gizani kati ya chuma, tope na joto la breki, mpaka uipate valvu. Ukiipata, mara nyingi kichwa cha geji hakikai sawa, upepo unatoka "pssss", na unasimama ukiwa umepunguza badala ya kupima.

Nilianza kufikiria jambo hili Nyandira, juu huko Mgeta, wakati Fuso moja ikipakia kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam. Tandiboi alizunguka lori na kipande cha nondo akigonga matairi moja moja, akisikiliza. Nikamuuliza kwa nini asitumie geji. Akacheka: "Msomi, geji haifiki. Sikio linafika."

Jibu hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja ndani yake. Twende nayo taratibu.

Kwa nini matairi mawili upande mmoja?

Tairi halibebi mzigo kwa mpira. Linabeba kwa upepo uliofungiwa ndani yake. Mzigo ukizidi una njia mbili: tairi kubwa zaidi, au matairi mengi zaidi. Michelin wa Ufaransa walianza kuweka magurudumu pacha kwenye magari mazito mwaka 1908, na mpangilio huo haujaondoka mpaka leo. Ndio ulioko kwenye Fuso ya Nyandira, kwenye mabasi ya mikoani, na hata kwenye yale magari ya Wamarekani yenye kitanda, jiko na choo ndani. Wenye magari hayo nao wanasumbuliwa na swali hilihili: valvu ya tairi la ndani itokee wapi?

Tupige hesabu ndogo. Chukulia ekseli ya nyuma imebeba tani 6. Matairi ni manne, kwa hiyo kila moja linabeba tani 1.5. Sasa la ndani la upande mmoja likiisha upepo, pacha wake anabaki na karibu tani 3 peke yake. Ubaya ni kwamba hutaona kitu. Lori halitainama kama gari dogo lenye pancha, kwa sababu la nje bado limesimama. Unaendelea na safari huku tairi moja likifanya kazi ya mawili.

Na hata kama la ndani halijaisha kabisa, limepungua tu, bado kuna tatizo. Mapacha wamefungwa pamoja, wanazunguka mizunguko sawa. Lenye upepo mdogo limebonyea, nusu kipenyo chake kimepungua, kwa hiyo kwa kila mzunguko lilipaswa kwenda umbali mfupi kidogo kuliko mwenzake. Haliwezi. Basi linaburuzwa. Kuburuzwa ni joto, na kukunjwakunjwa kwa kuta za tairi ni joto jingine. Joto ndilo linaloua tairi.

Kutoka Belfast hadi New York

Tairi la upepo lilipata hataza mara ya kwanza mwaka 1845, kwa Mskoti Robert William Thomson, likasahaulika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli. Tangu mwanzo shida ilikuwa mlango: upepo uingie bila kutoka. Kizazi cha valvu kilichoenea kwenye baiskeli zetu kilitumia kimpira chembamba kinachovikwa juu ya kitundu. Ukipampu kinafunguka, ukiacha kinabana. Waliokua na Phoenix ya babu wanakijua vizuri, na wanajua pia kilivyokuwa kinaoza.

Jibu lililodumu lilitoka New York. August Schrader, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa na karakana iliyotengeneza pamoja na mambo mengine vifaa vya wapiga mbizi, yaani kazi ya kuzuia hewa na maji visipite pasipotakiwa. Mwaka 1893 kampuni hiyo ilipata hataza ya valvu ya tairi. Ndani ya mrija kuna kisindano chenye springi. Springi inakivuta kifunge, na upepo wa ndani unakisukuma kifunge zaidi. Kadiri tairi linavyojaa ndivyo mlango unavyobana. Valvu kwenye bodaboda yako, kwenye gari la mkuu wa mkoa na kwenye lori la kabichi ni ya ukoo huohuo.

Malori hayakulipokea tairi la upepo haraka. Mengi yaliendelea kutumia mpira mgumu usio na upepo mpaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Na vita hivyo vilifika huku kwetu. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wiki chache baadaye mstari wa mapambano ukasimama kwenye mto Mgeta, unaoanzia milimani humu, mpaka mashambulizi ya Januari 1917. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza baharini, walichanganya mpira wa mashambani na salfa wakatengeneza matairi ya magari na baiskeli, na hapa Morogoro yakatengenezwa mafuta ya kuendeshea magari kutokana na nazi. Walitengeneza matairi, lakini vita vyenyewe vilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Magari yalishindwa na tope.

Mboga za Mgeta nazo zilianza kwa vichwa. Matenga yalishuka mlima kwa miguu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipolazimisha kuchimba ngazi kwenye mashamba ya Uluguru, Waluguru wa upande wa Matombo waliandamana mwaka 1955 na mpango ukafa. Mgeta ngazi zilibaki, kwa sababu mboga za kumwagilia zilizilipia gharama zake. Lakini mboga haina faida kama haifiki sokoni ikiwa mbichi, na hapo ndipo lori linapoingia kwenye hadithi.

Barabara kuu yafundisha mafundi

Novemba 1965 Rhodesia ilijitangazia uhuru wa walowezi, na Zambia ikakatiwa njia ya kusini. Mafuta na shaba vikahamia barabara ya Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma, wakati huo sehemu kubwa ikiwa vumbi na tope. Madereva waliibatiza jina lenye jehanamu ndani yake. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ikaja na malori ya Fiat yenye matela. Lori na tela lake ni pacha juu ya pacha, kila pacha na valvu yake iliyojificha. Mwaka 1971 kiwanda cha General Tyre cha Arusha kikaanza kutoa matairi hapahapa nchini.

Enzi hiyo tairi la lori lilikuwa na tyubu, na valvu ilikuwa imeshikamana na tyubu. Kwa hiyo kuchagua valvu kulikuwa kuchagua tyubu. Ukubwa wa 7.50-16 haukutosha kusema dukani. Ilibidi pia mrija uwe wa chuma, uwe mrefu wa kutosha, na uwe umepinda pembe inayolingana na rimu. Ukikosea pembe, mrija unasuguana na rimu ya jirani au unaelekea kwenye breki, na safari inaishia porini.

Kuchagua leo

Sasa malori mengi yanatumia tairi lisilo na tyubu. Valvu inafungwa kwenye rimu, na makosa yamebadilika sura. Kuna manne ninayokutana nayo.

La kwanza ni kuweka valvu ya mpira, ile ya gari dogo inayovutwa mpaka inaingia kwenye tundu. Ya kawaida imetengenezwa kwa upepo usiozidi paundi 65 hivi. Lori linataka 90 na kuendelea. Hapo inatakiwa ya chuma, inayokazwa kwa nati.

La pili ni kuongeza mrija wa mpira ili valvu ya ndani ifike nje, bila kuufunga popote. Angalia hesabu: lori la spidi 80, valvu ikiwa sentimita 18 kutoka katikati ya gurudumu. Mzunguko unaivuta kwa nguvu ya karibu mara 50 ya uzito wake. Mrija na kifuniko vya gramu 40 vinavuta kama kilo 2, bila kupumzika, mpaka Dar. Kama haujafungwa, utajikata wenyewe. Na mirija mingi ya aina hii inakibonyeza kile kisindano muda wote, maana yake ukipasuka, tairi lote linaisha. Mrija mgumu wa chuma, uliopindwa kufuata tundu la rimu, una usumbufu wa kuupata lakini hauna tabia hiyo.

La tatu ni kufunga mapacha bila kuangalia valvu ziko wapi. Valvu ya ndani iwe usawa wa tundu la rimu ya nje, na valvu mbili zitazamane, moja juu nyingine chini. Ukifanya hivyo, hata usiku mkono unajua ipi ni ipi.

La nne ni kusahau kifuniko. Kifuniko cha chuma chenye kimpira ndani kinazuia vumbi na ni mlango wa pili kisindano kikichoka.

Mgeta haisamehi makosa haya, na sababu ni mlima. Ukishuka barabara ya Langali mpaka Sangasanga unapoteza kama mita 1,000 za kimo. Lori la tani 10 kwa mteremko huo lazima litupe nishati inayotosha kuchemsha takriban lita 290 za maji. Injini inapunguza sehemu yake dereva akiwa kwenye gia nzito, inayobaki inakwenda kwenye breki. Na breki iko wapi? Ndani ya rimu, jirani kabisa na tairi lilelile la ndani ambalo hakuna aliyelipima.

Nilirudi kuongea na yule tandiboi. Sikio lake si ujinga. Tairi lililoisha kabisa linalia tofauti, na hilo analikamata. Asilolikamata ni lililopungua kwa robo, ambalo kwa nondo linalia karibu sawa na zima. Nilimwambia hivyo. Akafikiri kidogo, akaniuliza mrija wa chuma unauzwa bei gani Morogoro. Dereva akadakia kutoka juu ya mzigo: "Dogo, muulize kwanza tenga moja la karoti ni bei gani. Halafu uhesabu tuliyoyamwaga mwezi uliopita."