Marekani: Mipaka ya Polisi Kumpekua Mtu Anayeshukiwa Kuwa na Silaha Barabarani

Kosa la usalama barabarani pekee halimpi askari polisi wa Marekani mamlaka ya kumpekua dereva. Katika shauri la Terry dhidi ya Ohio la mwaka 1968, Mahakama ya Juu iliamua kuwa askari anaweza kumpapasa mtu juu ya nguo iwapo ana sababu za kuridhisha za kushuku kuwa mtu huyo ana silaha na ni hatari. Mwaka 1977 iliruhusu dereva aliyesimamishwa kihalali kuamriwa kushuka garini. Mwaka 2009 ilithibitisha kuwa abiria naye anaweza kupapaswa kwa masharti hayohayo. Hata hivyo, kwa uamuzi wa mwaka 1993, askari akishabaini kuwa kilichomo mfukoni si silaha, haruhusiwi kuendelea kukipapasa akitafuta ushahidi.