Boma na Hesabu

Jirani yangu mmoja hapa Kunduchi, mama muuza samaki, aliumwa tumbo miaka miwili baada ya kujifungua kwa upasuaji. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni jini wa baharini. Hatimaye alipimwa kwa ultrasaundi. Kwenye kioo kilionekana kitu chenye ukingo mweupe, na nyuma yake kivuli cheusi. Kilikuwa kitambaa cha shashi kilichosahauliwa na waliompasua. Alipasuliwa tena, akapona.

Kipimo hicho kina historia yake. Mwaka 1958 Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, na wenzake wawili walieleza jinsi ya kuchunguza uvimbe wa tumbo kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na sikio. Chombo walichoanzia kilikuwa cha viwandani, cha kutafutia nyufa ndani ya chuma.

Lakini lililonigusa mimi, mwalimu mstaafu, ni jina la ajali yenyewe. Madaktari huiita gosipiboma, na jina hilo lilikwisha kuonekana katika majarida yao mwaka 1978. Wenyewe hueleza kuwa limeungwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya pamba, na neno letu la Kiswahili, boma, kwa maana ya maficho.

Kwanza nilifurahi, kisha nikaona haya. Neno letu limeingia katika vitabu vya dunia kwa mlango wa aibu, tena kwa maana isiyo yake. Boma halifichi, boma hulinda. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa enzi za Sultani Majid, limesimama wazi kutazama bandari. Na katika boma la ng'ombe, jioni mchungaji husimama mlangoni akahesabu. Akipungukiwa na mmoja, halali.

Naam, hesabu ndiyo kinga. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika upasuaji. Hospitali 8 za nchi mbalimbali zilishiriki, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa kwetu. Kwa jumla, vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jambo moja katika orodha ile ni hili: kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, muuguzi atamke kwa sauti kuwa vyombo, vitambaa na sindano vimehesabiwa na vimetimia.

Nilipokuwa mkuu wa shule, kila safari niliwahesabu wanafunzi wakipanda lori, nikawahesabu tena wakati wa kurudi. Walimu vijana walinicheka, wakisema mzee hana imani na mtu. Nilikuwa na imani nao. Nisichokiamini ni kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Jirani yangu nilipomsimulia hayo, hakucheka.