Daktari wa Kings Row na Uvumi wa Batumbula

Reli ya BCK ya Kongo, iliyoanzia Bukama na kufika Ilebo mwaka 1928, inapita Kaniama kati ya Kamina na Mwene-Ditu. Reli hubeba watu, na watu husafiri na habari zao. Katika Katanga ya miaka ya 1940 habari moja ilitisha kuliko nyingi: batumbula, watu waliosemekana kutumwa na wazungu kukamata wapita njia usiku ili hao wakanenepeshwe na kuliwa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua habari ya jamaa hiyo kwa jina la mumiani. Wakoloni waliiita ushirikina. Mimi naiona kuwa ushahidi, na filamu moja ya Hollywood ya miaka ileile inanisaidia kueleza kwa nini.

Filamu hiyo ni Kings Row ya Sam Wood, iliyotoka mwaka 1942 kutokana na riwaya ya Henry Bellamann, mzaliwa wa mji mdogo wa Fulton, Missouri. Drake McHugh, aliyeigizwa na Ronald Reagan, anaumia kazini kwenye reli. Daktari Gordon anamkata miguu yote miwili pasipo haja yoyote ya tiba, kwa chuki tu, maana hakumtaka awe na binti yake. Binti huyo anaijua siri. Akitaka kuisema, anatishiwa kufungiwa hospitali ya wendawazimu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: mkubwa wa mji hana haja ya kukanusha, inamtosha kumwita msemaji kichaa. Filamu yenyewe nayo ilizibwa mdomo. Riwaya ilisimulia pia baba mwingine, aliyemnajisi binti yake. Wadhibiti wa Hollywood wakakataa, na siri hiyo ikageuzwa kuwa ugonjwa wa akili wa binti huyo.

Mtu atasema Drake ni wa kubuni, na hakuna mzungu aliyethibitishwa kula watu. Ni kweli, wala sidai vingine. Lakini uvumi ule haukuzuka hewani. Katika Kongo ya Wabelgiji vikosi vya kupambana na ugonjwa wa malale viliwapanga wanakijiji mistari, vikawapapasa shingo, vikawachoma sindano za uti wa mgongo. Kwenye maeneo ya ugonjwa huo, asiye na pasi ya matibabu hakuruhusiwa kusafiri. Ridhaa ya mtu haikuulizwa. Atasema mwingine kwamba vikosi hivyo viliokoa maisha. Viliokoa, naam, ila hilo halijibu swali linaloibuliwa na kisa cha Drake: nani wa kumhoji daktari aliyeshika kisu, ikiwa serikali na hospitali ni mkono mmoja? Wanyonge walilijibu kwa lugha waliyokuwa nayo, na mwanahistoria Luise White, katika Speaking with Vampires ya mwaka 2000, amezichukua simulizi za namna hiyo kuwa chanzo halali cha historia ya ukoloni. Waliozisikia utotoni sasa ni wazee sana. Wewe mwenye babu au nyanya Kaniama au Kamina, mwulize kuhusu batumbula mwaka huu, na uandike kila atakachokujibu.