Haki za mshtakiwa Zanzibar

Haki za mshtakiwa Zanzibar ni kinga za kikatiba anazopewa mtu anayeshukiwa au kushtakiwa kwa kosa la jinai, tangu anapotiwa mbaroni hadi rufaa yake inapoamuliwa. Msingi wake ni Katiba ya Zanzibar ya 1984, hasa kifungu cha 12.

Kinga hizo zina historia chungu. Mahakama za Wananchi, zilizoundwa kwa sheria ya 1969, hazikuruhusu mawakili. Humo ndimo ilimosikilizwa kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, tarehe 7 Aprili 1972. Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, aliongoza mashtaka, na ni yeye huyo huyo aliyewasilisha utetezi. Hukumu za kifo zilitolewa 1974. Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwamo mwanasiasa Abdulrahman Babu, ambaye hakuwahi kusimama kizimbani: alikuwa kizuizini Tanzania Bara, na Rais wa Tanzania, Julius Nyerere, alikataa kumpeleka Unguja.

Chini ya Katiba ya 1984 mshtakiwa hahesabiwi mkosaji mpaka athibitike kuwa na hatia. Ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa. Ni marufuku kumtesa, au kumwadhibu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda.

Penye udhaifu ni dhamana, na udhaifu huo ni mkubwa. Shtaka la uhaini halina dhamana. Wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF, walioanza kukamatwa Novemba 1997, walikaa rumande takriban miaka mitatu, baadhi yao wakiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, iliamua kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu mamlaka ya dola ni ya Jamhuri ya Muungano. Waliachiwa mwezi huo huo. Watu hawa walipoteza miaka yao kwa shtaka ambalo kisheria halikuweza kusimama tangu siku ya kwanza. Hilo ni kosa la dola, si bahati mbaya.

Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam 2014, nao walinyimwa dhamana. Mashtaka yao yalifutwa Juni 2021, bila kesi kufikia hukumu.