Kiwewe: Tiba inayoanzia mwilini

KIWEWE ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha, kama vile kufukiwa mgodini. Novemba 2015, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi.

Aliyenusurika hutoka shimoni, lakini mwili wake waweza kuendelea kujihami: moyo hudunda kwa kasi, misuli hukaza, usingizi hupotea. Kwa wachimbaji wadogo wa Shinyanga na Geita wanaorejea shimoni kutafuta riziki, giza pekee laweza kuamsha hofu hiyo upya.

Tiba za mwili huanzia hapo. Mgonjwa hufundishwa kupumua taratibu, kutambua misuli iliyokaza na kuilegeza, hadi ahisi kuwa yu salama. Mmarekani Peter Levine alieneza mbinu ya aina hiyo kwa kitabu alichokitoa mwaka 1997.

Hata hivyo, ushahidi wa kisayansi kuhusu mbinu hizo bado ni mdogo kuliko ule wa tiba ya mazungumzo. Hivyo ni nyongeza, si mbadala wa hospitali. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, mhusika anapaswa kumwona daktari.