Kutoka Boriti hadi Taswira ya Vipimo Vitatu: Historia ya Mchoro na Uwajibikaji katika Ubunifu wa Majengo Afrika Mashariki

Utangulizi

Mteja anayeingia katika ofisi ya ubunifu wa majengo jijini Dar es Salaam, Nairobi au Goma katika karne hii huweza kuonyeshwa nyumba yake kabla msingi haujachimbwa. Kwenye kioo cha kompyuta huiona ikiwa imekwisha kupakwa rangi, jua likiangaza ukutani, kivuli cha mwembe kikilala uani na gari likiwa limeegeshwa mbele ya baraza. Taswira ya namna hiyo, inayoonyesha urefu, upana na kimo kwa pamoja, ndiyo iitwayo taswira ya vipimo vitatu. Imekuwa chombo muhimu cha kazi, na machoni pa baadhi ya wateja imekuwa ndiyo kazi yenyewe: anayeweza kuitengeneza huhesabiwa papo hapo kuwa mbunifu majengo.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa mkabala wa kihistoria. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa karne nyingi, katika upwa wa Afrika Mashariki, aliyeliona jengo akilini na aliyewajibika kwa kusimama kwake walikuwa mtu mmoja. Karatasi iliwatenganisha watu hao wawili, na kompyuta ikaupanua mwanya uliokuwapo. Taaluma ya ubunifu wa majengo, pamoja na sheria na bodi zake, ni jitihada ya kuuziba mwanya huo.

Jengo lililokaa akilini

Jumba la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua zenye ngazi, na birika lenye pande nane, na limekaa juu ya jabali linaloitazama bahari. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao ulipanuliwa kwa kuba na matao. Kazi za ukubwa huo haziwezi kufanywa kwa kubahatisha. Lazima mtu awe ameliona jengo zima kabla ya kuanza. Hata hivyo, hakuna michoro ya ujenzi ya enzi hiyo iliyosalia.

Ufafanuzi wa jambo hilo umo katika vipimo na vifaa. Fundi wa pwani alipima kwa viungo vya mwili: shubiri mbili zilifanya dhiraa, na dhiraa nne zikafanya pima. Boriti, yaani gogo la mkoko, nayo iliweka mpaka ambao fundi hakuweza kuuvuka. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kati ya mita 2.5 na 3 hivi, kwa sababu boriti ndefu kuliko hapo isingeweza kuibeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Inaweza kusemwa, basi, kuwa boriti ndiyo iliyokuwa ramani ya chumba. Aliyejua boriti hubeba nini alijua chumba kitakuwaje, na aliyekuwa ameona nyumba kumi za namna hiyo aliweza kuiona ya kumi na moja akiwa amesimama kwenye kiwanja kitupu.

Haifai kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Katika miji hiyo kulikuwa na utumwa, na watumwa walikuwa miongoni mwa waliobeba mawe na kuchoma chokaa. Aidha, elimu iliyokaa kichwani na mikononi mwa fundi iliweza kuzikwa pamoja naye. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: fundi hakuwa na mahali pa kujificha nyuma ya mchoro. Aliyeahidi ndiye aliyejenga, na dari likishuka, lilishuka kwa jina lake.

Ujio wa karatasi

Neno ramani lina historia inayoangaza suala hili. Asili yake ni istilahi ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, waliokuwa na kitabu cha kuongozea chombo, kilichoitwa kwa Kiarabu rahmani. Kutoka katika njia za baharini neno hilo lilihamia kwenye sura ya nchi, kisha kwenye sura ya nyumba. Yaelekea maana hiyo ya tatu ilipata nguvu pale jengo lilipoanza kuamuliwa ofisini, mbali na kiwanja chake.

Unguja ni mfano mzuri. Beit al-Ajaib, jumba la sherehe lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, lilileta nguzo za chuma cha kusubu, roshani pana na dari za kimo ambacho mji haukuwa umekizoea. Chuma kiliuvunja mpaka wa boriti. Lakini uwezo wa chuma haujulikani kwa shubiri wala kwa mazoea, hukokotolewa. Hivyo ndani ya jengo lile lile zilikutana elimu mbili, ya chokaa na ya hesabu, na wachache walikuwa na zote mbili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 John Sinclair, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa na mafunzo ya ubunifu wa majengo, alibuni majengo kadhaa ya serikali mjini humo, likiwemo la Mahakama Kuu na lile la makumbusho ya Beit el-Amani lililofunguliwa mwaka 1925. Katika utaratibu huo wa kikoloni mchoro ulitoka ofisini kama amri, na fundi akabaki kuwa mtekelezaji. Ujuzi wake wa mawe na chokaa uliendelea kuhitajiwa, ila jina lake halikuandikwa kwenye karatasi. Sheria nazo zilifuata njia hiyo: Kenya ilipata sheria ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi mwaka 1934, wakati ambapo Waafrika hawakuwa na nafasi katika taaluma hizo.

Ikumbukwe kuwa hofu juu ya mchoro wenye kuvutia haikuzaliwa Afrika Mashariki. Huko Italia katika karne ya 15, Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha ujenzi kilichochapishwa mwaka 1485, alitofautisha mchoro wa msanii na ule wa mbunifu majengo. Msanii hutumia kivuli na mistari inayopungua ili kitu kionekane kimeinuka kutoka kwenye karatasi. Mbunifu hutoa vipimo vya kweli ambavyo fundi anaweza kuvifuata. Alberti alipendelea pia vielelezo vya mbao visivyopakwa rangi, ili akili ya mtazamaji isivutwe na urembo ikaacha kupima wazo lenyewe. Onyo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 500, na bado lingefaa kubandikwa ukutani katika ofisi yenye kompyuta mpya kabisa.

Soko la Kariakoo: umbo linalofanya kazi

Baada ya uhuru taaluma hii ilianza kuwa na sura ya Kiafrika. Miongoni mwa waliotangulia ni Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea Haifa, Israeli, na ambaye kazi yake mashuhuri ni Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni mkusanyiko wa miavuli ya zege iliyogeuzwa, kila mmoja ukiwa juu ya nguzo yake. Miavuli hiyo hutoa kivuli, huruhusu hewa ya joto kupanda na kutoka, na hukinga mvua ili maji yateremke hadi kwenye matangi yaliyo chini.

Jengo la aina hiyo halielezeki kwa ramani ya sakafu peke yake. Anayetazama ramani huona safu za nguzo tu. Ni pale anapoona kimo, mteremko na mkato ndipo huelewa kuwa nguzo, paa na mfereji ni kitu kimoja. Hapa ndipo manufaa halali ya taswira ya vipimo vitatu yanapodhihirika. Katika kazi ya Amuli umbo ndilo lililobeba hesabu ya mzigo na ya maji, na kila mkunjo unaoonekana kwa macho una sababu isiyoonekana. Moto ulioliunguza soko hilo mwezi Julai 2021 uliwakumbusha wengi kuwa hata jengo lililobuniwa kwa ustadi huhitaji utunzaji kila siku baada ya mbunifu kuondoka.

Kioo cha kompyuta na kile kinachofichwa

Programu ya AutoCAD ilitolewa Marekani mwaka 1982, na SketchUp, iliyorahisisha sana uundaji wa maumbo, mwaka 2000. Kadiri bei ya kompyuta ilivyoshuka, kazi iliyohitaji siku nyingi za penseli na rula iliweza kukamilika kwa saa chache. Mabadiliko haya yana faida ya kweli. Ramani ya sakafu ni lugha ambayo wengi hawakufundishwa kuisoma. Taswira humwezesha mwenye nyumba kuuliza, kukataa na kurekebisha kabla saruji haijamwagwa. Vilevile bomba linalogongana na mhimili huweza kugunduliwa kwenye kioo badala ya kugunduliwa kwa nyundo.

Teknolojia hiyo imetumika pia kuitunza historia yenyewe. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya Heinz Rüther, ulipima kwa miale ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ukaunda vielelezo vya vipimo vitatu vinavyotokana na umbo halisi la kuta. Tofauti kati ya kielelezo hicho na picha ya kuuzia nyumba ni kubwa, ingawa vyote viwili huonekana vikizunguka kwenye kioo. Kimoja kimepimwa; kingine kimepambwa. Kimoja huonyesha ufa, kingine huufunika.

Madhara ya kuchanganya mambo haya mawili si ya nadharia. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Beit al-Ajaib nalo, jengo ambalo limepigwa picha tangu karne ya 19, lilianguka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kila tukio lina mazingira yake. Linaloyaunganisha ni kwamba sura ya nje haimwambii mtazamaji hali ya msingi, nondo na mihimili. Jengo linaweza kuonekana zima hadi dakika linapoanguka.

Kwa sababu hiyo sheria haikuishia kwenye uwezo wa kuchora. Uganda ilipitisha sheria ya usajili wa wabunifu majengo mwaka 1996. Tanzania ilifuata mwaka 1997 kwa sheria iliyosimamia wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, kisha ikaiandika upya mwaka 2010. Anayesajiliwa hukubali kuwa jina lake litaulizwa. Muhuri anaoupiga kwenye mchoro ni mdogo na hauna uzuri wowote, lakini unasema jambo ambalo taswira haiwezi kulisema: yuko mtu atakayejibu.

Funzo kwa bara: mfano wa Masisi

Suala hili haliishii pwani wala katika miji mikubwa. Kiswahili kilipoingia Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya karne ya 19, neno fundi liliingia nacho, na hadi sasa ndilo linalomtaja mjenzi katika Kivu ya Kaskazini. Katika vituo vya Masisi kama Ngungu, ambako mbao, udongo na bati ni vifaa vya kawaida vya ujenzi, nyumba huweza kujengwa kwa makubaliano ya mdomo kati ya mwenyewe na fundi, kama ilivyokuwa upwani. Tofauti ni kwamba tangu 1993 wakazi wa eneo hilo wamekimbizwa na vita mara kwa mara. Fundi akihama na mwenye nyumba akihama, hakuna karatasi inayobaki kueleza nyumba ilikaa wapi, ilikuwa na ukubwa gani na mpaka wake na jirani ulipita wapi.

Katika mazingira hayo huduma ya kwanza ya mtaalamu haiwezi kuwa picha yenye mwembe na gari. Ni kipimo cha kweli kilichoandikwa, kilichohifadhiwa, na kinachoweza kusomwa na anayerejea. Mchoro mnyenyekevu wa mistari minne, wenye urefu, upana na tarehe, unaweza kumfaa mwenye nyumba huyo kuliko taswira yoyote.

Hitimisho

Mapitio haya yameonyesha kuwa chombo cha kuonyeshea jengo kimebadilika mara mbili: kutoka akili ya fundi hadi karatasi, kutoka karatasi hadi kioo. Kila badiliko lilirahisisha kuona na likarahisisha pia kujitenga na matokeo. Kwa wanafunzi wa ubunifu wa majengo funzo ni kwamba ujuzi wa programu ni mwanzo wa kazi, kama vile kujua kushika mwiko ni mwanzo wa ufundi. Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo funzo jingine. Lugha hii imekuwa na maneno ya jengo linalobeba na kupimika, yaani boriti, dhiraa, msingi na mhimili, tangu kabla haijahitaji istilahi ya taswira. Istilahi mpya zinapoundwa, zinafaa kuwekwa karibu na maneno hayo ya zamani, ili anayejifunza kuitengeneza picha ya nyumba ajifunze wakati huo huo kuuliza ni nini kinachoibeba.