Ndege Aliyebatizwa Berlin

Kasuku mdogo ninayemfuata kwa kamera kwenye migunga ya Bunda alipewa jina la mtu ambaye hakuishi kulisikia. Gustav Fischer alikuwa daktari wa Kijerumani. Mwaka 1885 aliondoka Pangani na msafara wa kuwatafuta Wazungu waliokwama kaskazini kwa sababu ya vita vya Mahdi, akina Emin Pasha, Junker na Casati. Alipita Irangi, akafika kusini mwa Ziwa Victoria, lakini Kabaka Mwanga hakuwa tayari kumruhusu apite Buganda. Akageuka. Mwaka uliofuata alirudi Ujerumani, na huko Berlin homa ikamuua.

Msafara ule haukumwokoa mtu. Ulichokileta ni pamoja na ngozi za ndege. Mwaka 1887 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, alizikagua akakuta kasuku asiyekuwamo katika vitabu vyake. Akamwita Agapornis fischeri. Hivyo ndivyo ndege wa kwetu alivyoingia katika elimu ya dunia: amekufa, amekaushwa, amejazwa pamba mahali pa macho.

Nayataja macho kwa sababu ndiyo yanayonihangaisha. Huyu kasuku ana duara jeupe kuzunguka jicho, kama mtu aliyevaa miwani. Uso wake ni wa rangi ya chungwa lililoiva, mdomo mwekundu, shingo ya dhahabu, na sehemu kubwa ya mwili ni kijani. Urefu wake haufiki hata sentimita 16. Picha ambayo jicho halionekani haina tofauti kubwa na ile ngozi ya Reichenow. Nikilipata jicho, nimempata ndege aliye hai, anayeniangalia nami namwangalia.

Kulipata si kazi ndogo. Ninaishi Musoma, ambako ndege wa kupiga picha hawakosi. Mnandi huanika mabawa juu ya mawe ya ufukweni kama nguo kwenye kamba, na furukombe akishakaa juu ya mti wake hana haraka na mtu. Hata simu ya kawaida inaweza kuwapata. Lakini ndege wa kijani katikati ya majani ya kijani ni habari nyingine. Mgunga una matawi madogo yasiyohesabika na miiba juu yake. Kamera yangu, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika, hulenga kijiti kilicho mbele, na ndege nyuma yake akabaki ukungu. Nikimwangalia kutoka chini, anga jeupe lililo nyuma yake linamgeuza kivuli cheusi. Na kundi zima likishtuka, linaondoka kwa kelele kali kabla kidole hakijabonyeza.

Tabu hii ina historia ndefu kuliko kamera yangu. Huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota kilichojaa picha zilizopigwa porini. Walitumia kamera nzito za bamba za kioo. Ili ndege wasiwakimbie, walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mpiga picha akawa anaingia tumboni mwake na kuchungulia kwa tundu. Naelewa kabisa kwa nini walifanya hivyo. Pale Bunda ng'ombe hupita chini ya mgunga na kasuku hawajali. Nikipita mimi, wananyamaza.

Kwa upande wetu wa dunia, mtu anayetajwa zaidi ni Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za wanyama katika nchi ya Wamasai na kandokando ya Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20. Usiku aliwasha unga wa magnesi uliolipuka kama radi, na simba akabaki kwenye bamba la kioo. Kitabu chake cha mwaka 1905 kinataja taa na bunduki katika jina lake. Vitu hivyo viwili vilisafiri pamoja, na wote wawili, taa na bunduki, walibebwa na wapagazi. Picha haikuja kuchukua nafasi ya risasi siku moja. Kwa miaka mingi zilikuwa mizigo ya msafara mmoja.

Halafu akaja Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kurekodi filamu. Namba ya usajili ilikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aliigonga ndege hiyo angani, ikaanguka, na Michael akafa. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Iliifanya Serengeti ijulikane duniani kote, lakini ilijulikana kama nchi ya uwanda, nyumbu na anga. Upande wetu, magharibi, ambako uwanda unakutana na miti, mashamba na ziwa, haukupata umaarufu huo. Mgeni huuona kupitia dirisha la gari akiwa njiani kwenda lango la Ndabaka.

Siku moja, karibu na barabara hiyo, mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama akanitazama kwa muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unawapiga hao? Wanamaliza mtama wetu."

Nikamwambia ni picha tu. Akacheka. Akasema zamani walikuja watu wenye nyavu, wakawajaza kwenye vikapu wakiwa hai, na hakuna aliyewazuia kwa sababu mtama ulipona.

Maneno ya mzee yanalingana na kumbukumbu za biashara. Mwaka 1987 kasuku huyu ndiye aliyekuwa ndege wa porini anayeuzwa zaidi duniani. Kati ya kasuku waliosafirishwa kutoka Tanzania, yeye peke yake alikuwa karibu asilimia 80. Tangu mwaka 1981 jamii karibu yote ya kasuku ilikuwa chini ya mkataba wa CITES, lakini mkataba ulidhibiti biashara hiyo bila kuifuta. Baadaye usafirishaji wake halali ukasitishwa, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukafunga moja kwa moja mlango wa kuingiza ndege wa porini. Leo anahesabiwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka. Wakati huohuo, vizazi vilivyozaliwa kwenye vizimba vimejaa majumbani mwa watu. Ukimtafuta kwenye intaneti utapata picha elfu za jicho lake, safi kuliko zangu, na nyuma yake kuna waya.

Ndiyo maana nang'ang'ania ile ya kwenye mti. Kasuku huyu hutaga ndani ya matundu ya miti, mara nyingi iliyokauka, na mti mkavu ndio wa kwanza kuangukia shoka la mkaa. Jozi moja niliyoifuata kwa wiki kadhaa ilikuwa na tundu kwenye mgunga mkavu nje ya mji wa Bunda. Nilimwona mmoja akiingia na utepe wa gome mdomoni. Niliporudi baada ya mwezi kulikuwa na kisiki na majivu. Simlaumu aliyekata, nyumbani kwangu pia tunapikia mkaa. Lakini picha moja ninayo, ina kijiti usoni mwa ndege, na tundu linaonekana. Hakuna makumbusho yenye kitu hicho kuhusu mti ule.

Butiama nimejifunza jambo jingine. Karibu na Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, upo msitu mdogo wa Muhunda. Kwa Wazanaki ni mahali patakatifu. Haukuhifadhiwa na filamu wala tuzo, umehifadhiwa na heshima. Kupiga picha karibu nao ni kugumu, kivuli ni kizito, na mara nyingi narudi na sauti tu za ndege kichwani. Hilo halinisumbui. Miti ile ilisimama kabla ya kamera na haihitaji ushahidi wangu.

Migunga ya Bunda inauhitaji. Kwa hiyo kila picha, hata mbovu, naiandikia tarehe, mahali, aina ya mti, na kama mti ulikuwa mbichi au mkavu. Reichenow aliandika jina la ndege na la aliyemleta. Mti aliotolewa haukuandikwa.